Kuliaga Darasa Kusiwe Kulitupa

Kila mwaka vijana wa vyuo vyetu vya ualimu hutawanyika Unguja na Pemba kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Huondoka na maazimio yao ya kazi, maandalio yao ya masomo, karatasi zao za manila na kalamu za rangi, wakapokewa na walimu wakuu kwa furaha isiyofichika, kwani skuli nyingi zina upungufu wa walimu na kila mkono unaoshika chaki ni neema. Majuma yakishatimia, hurudi vyuoni. Mengi husemwa juu ya kufika kwao. Juu ya kuondoka kwao husemwa machache, na hayo machache aghalabu huwa ni hotuba za shukurani na picha za ukumbusho.

Leo tungependa kuwaomba wakubwa wanaohusika, na wananchi kwa jumla, walitazame juma hilo la mwisho kwa jicho jengine. Maoni yetu ni kwamba darasa lililofundishwa na mwalimu mwanafunzi kwa miezi miwili huachwa siku ile ya kuagana kama mzigo ulioshushwa ufukweni bila ya mtu wa kuupokea. Hakuna uovu wa mtu ndani yake. Kilichopo ni kwamba hakuna aliyeagizwa kukabidhi, wala hakuna aliyeagizwa kukabidhiwa.

Mwandishi wa safu hii alipata kuyaona hayo kwa macho yake katika kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa Pemba. Skuli yenyewe hatuitaji, kwa sababu haina kosa kuliko skuli nyengine. Alikwenda huko kwa shughuli ya siku moja, lakini upepo wa kusi ulichafuka, mashua hazikuvuka, ikambidi akae tangu Jumatano hadi Jumamosi. Mwalimu mkuu alimkirimu, na kwa kuwa kisiwani hapo hapana pengi pa kupotezea wakati, mgeni aliomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la pili, ambalo lilikuwa likifundishwa na binti mmoja wa chuo aliyekuwa katika juma lake la nane na la mwisho.

Watoto walikuwa wapatao sitini, wengine juu ya madawati, wengine juu ya jamvi. Binti huyo alikuwa amewagawa makundi matatu na kuyapa majina ya samaki: Changu, Pono na Tasi. Mgeni alidhani ni mchezo tu wa kuwachangamsha watoto wa wavuvi. Baadaye alielezwa kwamba kundi moja ni la wanaosoma sentensi, la pili ni la wanaounganisha silabi, na la tatu ni la wale ambao hadi juma la kwanza la mazoezi walikuwa hawajazijua herufi zote, ingawa wako darasa la pili na buku la mahudhurio linaonyesha kuwa wamehudhuria. Hakutaka kuliita kundi lolote la kwanza wala la mwisho. Watoto, alisema, hulijua jina la aibu haraka kuliko wanavyoijua irabu.

Ndani ya makundi hayo mlikuwa na mambo ambayo hayamo katika muhtasari wowote wa masomo. Mtoto mmoja, aliyekuwa akihesabiwa mzito wa akili tangu darasa la kwanza, ilionekana kwamba haoni yaliyoandikwa ubaoni. Mwalimu alimhamishia mbele, karibu na mlango penye mwanga, na katika muda wa majuma matatu akawa anasoma. Mwengine alikuwa akikosekana kila mara kwa kuwa hufuatana na baba yake dago. Akirudi huwa amepitwa na mengi, naye huona haya kuuliza. Huyo alitengewa kazi yake mbali, ya kuanzia pale alipoachia. Alikuwapo pia msichana asiyetoa sauti mbele ya wenzake hata akiitwa mara tatu, lakini wenzake wakishatoka hubaki kizingitini akamsomea mwalimu wake ukurasa mzima bila ya kukosea. Na wengineo. Binti yule aliweza kuwataja mmoja mmoja, jina na ugonjwa wa kusoma wa kila mmoja, kama daktari anavyowajua wagonjwa wa wodi yake.

Yote hayo aliyaandika katika daftari lake. Na hapa ndipo lilipo tatizo letu. Daftari hilo, pamoja na maandalio na shajara yake, ni mali ya mazoezi. Hurudi chuoni ili likasahihishwe na kutiwa alama. Likishatiwa alama huwekwa kabatini au hurejeshwa kwa mwenyewe. Skuli haibakiwi na kitu. Mwalimu wa darasa naye, ambaye ndiye angepaswa kuyaona yote hayo kwa kukaa nyuma ya darasa siku baada ya siku, hakuwamo. Siku ile ile alipofika binti wa chuo, yeye alipelekwa darasa la nne lisilokuwa na mwalimu. Hatumlaumu, wala hatumlaumu mwalimu mkuu. Mwenye nyumba inayovuja huiweka ndoo panapovuja zaidi. Lakini Jumatatu itakapofika, mwalimu huyo atalirudia darasa lake la pili na kufungua kitabu mahali alipokiacha miezi miwili nyuma. Na mtoto asiyeona ubao, ikiwa hakuna aliyesema, atarudishwa nyuma kwa sababu ni mrefu.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba kanuni haziruhusu. Mwalimu mwanafunzi bado ni mwanafunzi; hapaswi kuachiwa darasa peke yake, na mwalimu wa darasa anatakiwa awe pamoja naye kumwongoza. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kanuni huandikwa mahali penye walimu wa kutosha na kutekelezwa mahali pasipo na walimu. Visiwa vyetu vimelijua jambo hili kwa muda mrefu. Ilipotangazwa elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, milango ya skuli ilifunguliwa kwa watoto wa wakulima na wavuvi ambao wazee wao hawakuwahi kuingia ndani yake, nao walikuja kwa wingi kuliko walimu waliokuwapo. Wenzetu wa Tanzania Bara nao, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliposogeza mbele lengo la elimu ya msingi kwa wote hadi kuwa mwaka 1977, waliwachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakawafunza ualimu huku wakifundisha katika skuli za vijijini. Mengi yamesemwa juu ya udhaifu wa mpango ule, na mengine ni ya haki. Hata hivyo kijana yule alisoma na kufundisha mahali pamoja, na darasa aliloliacha Ijumaa alilikuta Jumatatu. Kijana wetu wa leo amesoma zaidi, ana zana bora zaidi, lakini ameazimwa tu. Na kitu cha kuazima, hata kikiwa kizuri namna gani, kina siku ya kurejeshwa.

Turudi kisiwani. Binti huyo alikuwa amewaambia watoto tangu Jumanne kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Tunalitaja hili kwa sababu si wote wanaofanya hivyo. Wako wanaoondoka kimya kimya, ama kwa kuchelea kilio, ama kwa kudhani kwamba watoto wa umri ule hawana kumbukumbu. Wako pia wanaoahidi kurudi, nao wanajua kuwa hawarudi. Watoto hawakumwelewa mara moja. Siku ya Alhamisi, wakati wa kutoka, msichana yule wa kizingitini alisimama palepale akauliza:

"Mwalimu, Jumatatu waja?"

"Siji, mwanangu. Jumatatu atakuja mwalimu wenu."

"Na Jumanne?"

Mwalimu alimweleza tena, taratibu, kwamba hata Jumanne haji. Mtoto alifikiri kidogo, kisha akauliza nani atakayemsikiliza akisoma. Hapo yule binti hakuwa na jibu, wala mgeni aliyekaa nyuma hakuwa nalo.

Sherehe ilikuwa Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kwenda msikitini. Palikuwa na maji ya matunda, halua, mashairi, na kanga mbili zilizotolewa na wazee. Hayo ni mema. Ni desturi yetu kumwaga mgeni kwa wema, na mwenye kufanya kazi anastahiki shukurani. Liko moja tu ambalo hatuna budi kulisema. Kila mtoto alitakiwa alete mchango. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo, lakini kidogo cha mwenye duka si kidogo cha mwenye wavu uliochanika. Buku la mahudhurio lilipoitwa asubuhi hiyo, watoto tisa hawakuwapo, na saba kati yao walikuwa wa kundi la Tasi. Binti yule alielewa kabla ya kuambiwa. Alisimamisha shughuli, akawatuma wanafunzi wawili wa darasa la sita wawafuate majumbani na ujumbe kwamba mwalimu anawataka wao, hataki mchango wao. Walikuja sita. Watatu hakuwaona tena. Tunaziomba kamati za skuli zilifikirie jambo hili. Sherehe ya kumwaga mwalimu inayowafungia nje wanafunzi wake wenyewe imekwenda kinyume na makusudio yake, na halua inaweza kununuliwa na watu wazima peke yao.

Sasa tuje kwenye suala la alama. Mkufunzi wa chuo alikuwa amefika kisiwani hapo mara moja tu katika mazoezi yote. Alisikiliza kipindi kimoja nusunusu, kwani maji yalikuwa yakikupwa na mwenye mashua amempigia kelele kwamba wakichelewa watalala. Hatumcheki mkufunzi. Anayejua safari za visiwa vidogo anajua kwamba maji hayamsubiri mtu mwenye cheo. Lakini lazima tujiulize kinachopimwa ni nini. Mwalimu mwanafunzi hupimwa kwa somo moja zuri, lenye zana zilizotundikwa na andalio lililoandikwa kwa hati safi. Hapimwi kwa hali atakayoiacha nyuma yake. Kwa hiyo juma la mwisho, ambalo wakufunzi wameshapita na alama zimeshaandikwa, huhesabika kuwa juma la kupumzika: watoto huimba, hucheza, husafisha uwanja, na mwalimu hupanga mizigo. Kijana mwenye akili hujifunza haraka ni kazi ipi inayohesabiwa na ipi isiyohesabiwa. Tumemfundisha hivyo sisi wenyewe.

Binti wa kisiwani hakupumzika. Usiku wa Alhamisi, katika chumba alichopewa nyumbani kwa mwalimu mmoja, alikaa na taa akachana karatasi katikati ya daftari la mazoezi, akanakili majina yote ya darasa lake. Mbele ya kila jina aliandika maneno machache: huyu anasoma, asaidiwe kuandika, huyu haoni, akae mbele, wazee wake wameambiwa wampeleke hospitali, huyu huenda dago, kazi yake imo bahashani, huyu asilazimishwe kusema mbele ya watu, asikilizwe peke yake. Kurasa nne kwa jumla. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo na hakuna alama aliyotarajia kwayo. Siku ya pili, shamrashamra zilipokwisha, alimkabidhi mwalimu wa darasa. Naye, tumshukuru, hakuzikunja akazitia mfukoni. Alizisoma amesimama pale pale barazani, kisha akauliza, "Huyu asiyeona ni yupi? Ndiye huyu niliyekuwa nikimwita mvivu?" Wakaingia darasani pamoja, wakakaa humo mpaka adhana.

Hayo mazungumzo ya nusu saa baina ya walimu wawili ndiyo makabidhiano tunayoyadai. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina uwezo wa kuyafanya yawe wajibu kwa waraka wa ukurasa mmoja. Mwalimu mwanafunzi aandike hali ya kila mtoto wa darasa lake. Mwalimu wa darasa aipokee na kuuliza. Mwalimu mkuu atie sahihi. Na chuo kisikubali kuyafunga mazoezi ya mwanafunzi wake mpaka kimeiona sahihi hiyo. Ikiwa chuo kinalihitaji daftari kwa ajili ya kusahihisha, basi nakala ibaki skuli. Siku hizi hata kunakili kwa mkono si lazima, kwani simu aliyonayo kijana mfukoni hupiga picha ya ukurasa kwa mara moja. Hatuoni gharama yoyote hapa ambayo mhasibu angeweza kuilalamikia.

Gharama iko katika jambo la pili, nasi hatutaki kuificha. Katika juma la mwisho mwalimu wa darasa arudishwe darasani kwake, wafundishe pamoja, mmoja akitoka taratibu na mwengine akiingia taratibu, ili watoto wawaone wote wawili upande mmoja wa ubao. Kwa kufanya hivyo, darasa jengine alilokuwa ameshikilia litabaki wazi juma hilo. Mwalimu mkuu atalazimika kupanga, pengine kumwomba mwalimu wa kujitolea, pengine kuingia yeye mwenyewe. Ni usumbufu. Lakini usumbufu wa juma moja ulio na mpango ni bora kuliko hasara ya muhula mzima isiyokuwa na mwenyewe. Na pale inapowezekana, vyuo vipange mazoezi yamalizike pamoja na muhula, badala ya kukatika katikati. Katika skuli tuliyoitaja yalibaki majuma matatu kabla ya kufunga, majuma ambayo mtoto aliyeanza tu kuunganisha silabi huweza kuzisahau zote.

Kwa skuli za visiwa vidogo tuna neno mbali. Kijana anayepangiwa Kojani, Tumbatu au Kisiwa Panza si sawa na anayepangiwa skuli iliyo kwenye njia ya gari. Kuna nauli ya mashua, kuna mahali pa kulala, kuna siku ambazo bahari haipitiki. Pasipo na msaada maalumu, wenye uwezo huomba kubadilishwa, na wanaobaki huwa ni wale wasiokuwa na wa kuwaombea. Halafu wakubwa wetu hushangaa kwamba walimu hawakai visiwani! Tunashauri kwamba kijana aliyefanya mazoezi yake katika kisiwa kidogo, akafanya vizuri, na akataka mwenyewe kurudi, afikiriwe mwanzo zinapotolewa ajira katika skuli ile ile. Ameshajua maji hujaa saa ngapi. Ameshawajua wazee wa watoto, na wao wameshamjua. Kumpeleka mtu huyo kwengine, na kumleta kisiwani mwengine atakayeanza kuomba uhamisho siku ya pili, ni kuyapoteza majuma manane ya Serikali pamoja na ya watoto.

Mwandishi alimwuliza binti yule, walipokuwa ndani ya mashua alfajiri ya Jumamosi, kama angependa kurudi. Alisema angependa. Alisema pia kwamba hajui aombe kwa nani, kwani fomu za kuomba kazi alizowahi kuziona hazina mahali pa kuandika jambo kama hilo.

Mahali hapo paongezwe. Mistari miwili inatosha: skuli aliyofanyia mazoezi, na kama yuko tayari kurejea. Ama waraka wa makabidhiano, tungeomba uwafikie walimu wakuu kabla ya kundi lijalo la vijana kuondoka vyuoni, ili wale watakaovuka bahari wauchukue pamoja na chaki zao.